Kuta Zenye Masikio za Bernarda Alba

Chakula cha usiku kiko mezani. Bernarda Alba, mjane wa miaka 60, anakula na binti zake watano. Kando amekaa Prudencia, mama wa makamo aliyekuja kumjulia hali. Mara kishindo kinasikika, kama kitu kizito kimebamizwa ukutani, na mgeni anashtuka. Bernarda wala hatikisiki. Ni farasi dume, anaeleza. Amefungiwa bandani na anapiga ukuta mateke. Anapaza sauti wafanyakazi wamtoe uani, kisha anasema chini chini kwamba huenda joto linamsumbua. Alfajiri ataletewa majike wapya.

Kishindo kinarudi. Sasa Bernarda anainuka, hasira zimempanda, na kutoa amri isiyo na mjadala: majike wafungiwe bandani, dume aachwe agaegae kwenye majani makavu, asije akawaangushia nyumba. Muda si mrefu Adela, kitinda mimba wa miaka 20, naye anainuka mezani. Anaulizwa anakwenda wapi. Anakwenda kunywa maji. Mama mtu anaagiza mtungi uletwe palepale, na binti anaambiwa akae.

Farasi mwenye joto kafunguliwa, binti mwenye kiu karudishwa kitini. Federico García Lorca, aliyeliandika tukio hili, hakuongeza neno la kumwonyesha mtazamaji kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Mazungumzo ya mezani yanaendelea kama kawaida.

Tamthilia hiyo ni La casa de Bernarda Alba, yaani Nyumba ya Bernarda Alba, na chini ya jina hilo mwandishi aliandika kwamba ni mchezo kuhusu wanawake wa vijijini Uhispania. Aliikamilisha tarehe 19 Juni 1936, akiwa na umri wa miaka 38. Kwa kawaida huhesabiwa pamoja na tanzia zake mbili za mashambani zilizotangulia: Bodas de sangre, ya harusi iliyoishia kwenye mauaji, na Yerma, ya mke anayelilia mtoto asimpate.

Kisa chenyewe kinasimulika kwa pumzi moja. Mume wa pili wa Bernarda amefariki. Mjane anatangaza miaka minane ya matanga: milango ifungwe, madirisha yafungwe, binti wavae nyeusi na kutarizi shuka za masanduku ya harusi ambazo hakuna ajuaye zitafanyika lini. Kisha Angustias, binti mkubwa, mwenye miaka 39 na urithi mnono wa baba yake, anaposwa na Pepe el Romano, kijana wa miaka 25 anayesifiwa kuwa mzuri kuliko vijana wote wa eneo lile. Usiku Pepe anakuja kuzungumza na mchumba wake kupitia nondo za dirisha, kama ilivyokuwa desturi, anaaga vizuri, halafu anazunguka kwa Adela. Na Martirio, binti wa nne, anampenda Pepe huyohuyo bila kumwambia mtu.

Pepe mwenyewe haonekani hata mara moja. Katika sehemu zote tatu za mchezo, hakuna mwanamume anayekanyaga jukwaa. Wanaume wanasikika tu: wavunaji kutoka milimani wanapita njiani wakiimba, mluzi wa Pepe unapenya gizani, na yule farasi yuko bandani na mateke yake. Mtazamaji amewekwa upande uleule wa ukuta walipo binti watano, na kama wao, hana cha kutegemea ila masikio.

Ukiufuatilia mchezo kwa sikio badala ya jicho, mambo mengi yanajipanga. Unafunguliwa kwa kengele za kanisa zinazolia kwa ajili ya marehemu. Poncia, mtumishi mkuu, aliyemtumikia Bernarda kwa miaka 30, yuko sebuleni akila soseji aliyoiiba jikoni kwa bosi wake, huku akimporomoshea matusi. Katika maneno yake ya mwanzo anakiri kwamba kazi yake moja ni kuchungulia kwenye nyufa na kumpelekea Bernarda habari za majirani. Bernarda anajua kila lililotokea kijijini kwa miaka mingi, nani alimwibia nani ardhi, nani alitoroka na nani, na elimu hiyo ndiyo silaha yake. Lakini anajua pia kwamba majirani nao wana akina Poncia wao. Kwa hiyo anaishi kama askari jela anayelinda lango huku akijua kuna askari wengine wanaomlinda yeye.

Hapa ndipo Lorca alipowazidi waandishi wengi waliojaribu kuuandika ukandamizaji. Ingekuwa rahisi kumweka baba mkali, au padri, au mwenye shamba mwenye bunduki. Yeye aliwatoa wanaume wote nje, akafunga mlango, kisha akaonyesha kwamba sheria ya wanaume inaendelea kutekelezwa ndani bila wao, tena kwa bidii kubwa zaidi.

Tazama dakika zile za mwanzo kabla Bernarda hajaingia. Mwanamke ombaomba anafika mlangoni na mtoto wake, anaomba makombo. Mtumishi mdogo wa nyumba, ambaye naye ni maskini wa kutupwa, anamfukuza: makombo ya leo ni yake. Mlango ukishafungwa, anamgeukia marehemu kwa maneno, anamsimanga kwamba hatamwinulia tena sketi nyuma ya mlango wa zizi. Lakini waombolezaji wanapoanza kuingia, yeye ndiye anayeangua kilio kikubwa kuliko wote. Dhuluma imeshuka ngazi mbili, kutoka kwa bwana hadi kwa mtumishi, kutoka kwa mtumishi hadi kwa ombaomba, na mwenye jina lake katika kichwa cha tamthilia bado hajatia mguu jukwaani.

Kisha wanaingia. Maelekezo ya Lorca yanataka wanawake 200, wote katika nyeusi, ndani ya chumba cheupe pee. Ni majumba machache yanayoweza kumudu umati huo, na waongozaji wengi hujibana kwa wanawake kumi au kumi na tano, lakini namba yenyewe inaeleza alichokuwa anakiona kichwani. Bernarda anaingia nyuma yao na fimbo mkononi, na neno lake la kwanza ni amri ya kunyamaza.

Joto ni kali. Anaomba kipepeo cha mkono apate hewa, na Adela anampa cha kwake, cha mviringo, kina maua mekundu na ya kijani. Bernarda anakitupa chini. Mjane hapewi kitu cha namna hiyo, anataka cheusi. Baadaye tunaambiwa Adela amevaa nguo yake mpya ya kijani na kutoka nayo uani ili angalau kuku wamwone. Kwa miaka minane ijayo, hao ndio mashahidi aliobakiwa nao.

Macho nayo yanamponza Angustias. Siku ileile ya mazishi anakutwa langoni akiwachungulia wanaume waliokuja kuomboleza, na mama yake anampiga. Mwanamke wa miaka 39, mwenye mali yake, anachapwa kwa kuchungulia.

Msomaji wa leo anaweza kuuliza kwa nini hawakuondoka tu. Sheria ilikuwa upande wa mama. Chini ya Sheria ya Kiraia ya Uhispania ya mwaka 1889, utu uzima ulianza katika miaka 23, lakini binti aliye chini ya miaka 25 hakuruhusiwa kuondoka katika nyumba ya wazazi bila ruhusa yao, isipokuwa kama anaolewa au anaingia utawa. Kifungu hicho kilidumu hadi mwaka 1972. Lorca aliandika umri wa kila binti katika orodha ya wahusika, na ukiusoma pamoja na sheria hiyo unapata picha ya ajabu kidogo: Adela mwenye miaka 20 na Martirio mwenye 24 wamefungwa na sheria, lakini Amelia wa miaka 27, Magdalena wa 30 na Angustias wa 39 wangeweza kufungua mlango na kwenda zao. Ni hao hasa wasiojaribu. Mchezo hausemi kwa nini, ila unaonyesha waziwazi kwamba fedha anazo mmoja tu. Urithi wa baba wa kambo ukigawanywa, wadogo zake wanne watabaki na vitambaa vyao vya kutarizi na kidogo cha kulia.

Nje ya kuta hizo Uhispania ilikuwa inabadilika kwa kasi. Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1931 iliwapa wanawake haki ya kupiga kura, sheria ya talaka ikapitishwa mwaka 1932, na mnamo Novemba 1933 wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu. Lorca mwenyewe alikuwa mtu wa Jamhuri hiyo. Kuanzia mwaka 1932 alizunguka vijijini na La Barraca, kikundi cha wanafunzi kilichopeleka michezo ya kuigiza kwa watu ambao hawakuwahi kuona jukwaa. Pamoja na hayo yote, katika nyumba ya Bernarda hakuna anayetaja kura, Bunge wala talaka, kana kwamba habari hizo ziliishia njia panda.

Mahali penye uchungu kuliko pote ni kisa cha Martirio, na watazamaji wengi hukipita kwa kuwa macho yote yako kwa Adela. Martirio ana kibiongo na hujiona mbaya. Zamani aliwahi kupendwa, au alidhani amependwa. Kijana mmoja aitwaye Enrique Humanes alimpelekea ujumbe kwamba atakuja usiku dirishani. Binti akasimama pale na vazi lake la kulalia mpaka kukapambazuka. Kijana hakutokea, na baadaye akaoa mwingine mwenye mali kumzidi. Martirio akameza fedheha hiyo na kuhitimisha kwamba wanaume ni wa kuogopwa.

Ukweli anautoboa Poncia katika sehemu ya pili, akizozana na Bernarda. Enrique hakumkimbia Martirio. Bernarda ndiye aliyemtumia salamu asikanyage pale, kwa sababu baba wa kijana alikuwa kibarua wa shamba. Bernarda hakatai. Angefanya hivyo tena, hata mara elfu. Kwake hakuna mwanamume katika eneo lote anayestahili kumkaribia binti yake, na kwa hesabu hiyo binti zake wanazeeka.

Martirio hajui hilo, wala mchezo haumpi nafasi ya kulijua. Anachojua ni kwamba Adela ana kitu ambacho yeye alinyimwa. Picha ya Pepe inapopotea chumbani kwa Angustias, inakutwa ndani ya kitanda cha Martirio. Anajitetea kwamba alikuwa anamtania dada yake, na hakuna anayemwamini. Kuanzia hapo anakuwa mlinzi mkali wa usiku kuliko hata mama yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa Adela kilikuwa kwenye chumba cha jirani.

Wazee wa riwaya za upelelezi wangefurahia jinsi siri inavyofichuka. Angustias anakubali kwamba Pepe aliaga saa saba na nusu usiku. Poncia anashangaa: yeye alimsikia akiondoka karibu na saa kumi. Hakuna aliyeona kitu. Ni saa mbili na nusu tu za ziada, zilizokamatwa na sikio la mtumishi aliyekuwa macho, na kila mwanamke chumbani anajua kupiga hesabu.

Sehemu ya pili inaishia kwa kelele za barabarani. Binti mmoja asiyeolewa amezaa, akamuua mtoto na kumficha chini ya mawe. Mbwa wamemfukua, na umati unamburuta mama huyo ukitaka kumuua. Bernarda anashangilia na kutaka awekewe makaa ya moto pale alipotendea dhambi. Adela anapinga kwa kelele, ameshika tumbo lake. Lorca hakueleza kwa nini ameshika tumbo.

Usiku wa mwisho Martirio anamsubiri Adela atoke uani, kisha anapaza sauti kumwita mama yao. Adela anapokonya fimbo ya Bernarda na kuivunja vipande viwili. Bernarda anakwenda kuchukua bunduki; mlio unasikika nje, na Martirio anarudi akisema kwamba Pepe amekwisha. Si kweli. Pepe amepanda farasi na kutokomea, risasi imemkosa, na Martirio anakiri kwamba alisema vile kwa chuki. Lakini Adela amekwishasikia, amekimbilia chumbani na kujifungia. Mlango unapovunjwa, amejitia kitanzi.

Ameuawa na uongo uliosemwa kwa sauti katika nyumba ambamo kila mtu amezoea kuamini anachokisikia. Jambo la kwanza Bernarda analofanya ni kutunga uongo mwingine: binti yake amekufa bikira, avalishwe kama mwanamwali, kengele zipigwe mapema asubuhi. Neno lake la mwisho ni lilelile la kwanza, amri ya kunyamaza.

Lorca aliyatoa wapi haya? Kwa masikio vilevile. Alizaliwa mwaka 1898 Fuente Vaqueros, nje ya Granada, na akiwa mtoto familia yake ilihamia kijiji cha jirani kilichoitwa Asquerosa. Kwa Kihispania jina hilo maana yake ni ya kuchukiza, na mwaka 1943 kijiji kikapewa jina jipya, Valderrubio. Ubavuni mwa nyumba ya ndugu zake aliishi mama mmoja, Frasquita Alba. Lorca aliwasimulia marafiki zake wa Madrid kwamba nyumba hizo zilitenganishwa na kisima kisicho na maji, na kwamba alikuwa akishuka kisimani kusikiliza yaliyokuwa yakisemwa upande wa pili.

Pepe naye alikuwa na kivuli chake. Kulikuwa na kijana wa kijiji cha Romilla aliyemwoa binti mmoja wa Frasquita, na binti huyo alipofariki akamwoa ndugu yake. Katika mchezo, Poncia anamshauri Adela afanye subira: Angustias ni dhaifu, hatastahimili uzazi wa kwanza, na mgane wake atarudi kumchukua mdogo mtu. Ushauri ule unaoonekana wa kikatili jukwaani ulikuwa karibu sana na jambo lililokwishatokea upande wa pili wa ukuta.

Ila Frasquita hakuwa Bernarda. Alikuwa na watoto wa kiume pia, na alifariki mwaka 1924, miaka 12 kabla mchezo haujaandikwa, bila nafasi ya kujitetea. Mama mzazi wa Lorca, kwa mujibu wa Francisco, mdogo wa mwandishi, alitaka jina hilo libadilishwe ili majirani wasiumie. Mwandishi alikataa, alilipenda mno. Alba ni neno lenye maana ya alfajiri na weupe, na ni vigumu kupata jina bora zaidi kwa mwanamke anayetaka kuta zake ziwe nyeupe kuliko za wenzake. Hata hivyo, mama alikuwa na hoja. Mchezo unaolaani umbea ulijengwa juu ya umbea, na familia halisi ikabaki na mzigo wa jina.

Lorca aliisoma tamthilia kwa marafiki huko Madrid majira yale ya joto, akijigamba kwamba safari hii hakuweka tone la ushairi, ni uhalisi mtupu. Asiaminiwe sana. Mtu anayewabatiza wahusika wake kwa maneno ya Kihispania yenye maana ya uchungu, mateso na busara hajauacha ushairi, ameuvalisha tu nguo za kazi.

Katikati ya Julai akarudi Granada. Siku chache baadaye wanajeshi walioiasi Jamhuri wakauteka mji. Tarehe 16 Agosti 1936 shemeji yake, aliyekuwa meya, alipigwa risasi, na siku hiyohiyo Lorca akakamatwa. Aliuawa siku mbili tatu baadaye, kwenye njia kati ya Víznar na Alfacar. Mwili wake haujapatikana mpaka leo.

Kwa sababu hiyo wapo wanaomsoma Bernarda kama utabiri wa utawala wa kimabavu wa Jenerali Franco. Tafsiri hiyo inavutia, lakini inampa mwandishi unajimu asioudai. Alichokiona kilikuwa kimekwishakaa sebuleni, kimevaa nyeusi, kabla hajatokea jenerali yeyote. Utawala wa kimabavu ulipokuja uliwakuta watu waliofunzwa kunyamaza nyumbani.

Mchezo wenyewe ukanyamazishwa kwa miaka tisa. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 8 Machi 1945, mbali na kwao, katika ukumbi wa Avenida jijini Buenos Aires, ambako Lorca alishangiliwa mwaka 1933. Bernarda aliigizwa na Margarita Xirgu, rafiki yake aliyekuwa akiishi uhamishoni. Uhispania ilingoja hadi mwaka 1964 kuuona katika ukumbi wa kibiashara, Madrid, chini ya uongozi wa Juan Antonio Bardem. Mwaka 1986 Nuria Espert aliuongoza London, Glenda Jackson akiwa Bernarda na Joan Plowright akiwa Poncia, na mwaka uliofuata Mario Camus akatoa filamu yake.

Lakini onyesho linalostahili kukumbukwa kuliko hayo ya wenye majina makubwa lilitoka Sevilla mwaka 2009. Mwongozaji Pepa Gamboa aliwachukua wanawake wa Kigitano wa El Vacie, makazi ya vibanda pembezoni mwa mji, ambao hawakuwahi kuigiza maishani mwao, akawapa nyumba ya Bernarda wakae ndani yake. Wengi wao hawakujua kusoma. Maneno ya Poncia, ya Martirio, ya Adela na ya mama yao waliyapata kwa kusomewa na kurudia, kauli baada ya kauli, mpaka yakakaa kichwani.